Kopo la Senene Mbele ya Jaji

Siku niliyotenda kosa ninalofukuziwa Dubai, nilikuwa nimeshika birika la kahawa kwa mkono wa kushoto na vikombe vidogo kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, baada ya chakula cha mchana. Mgeni alikuwa mmoja. Sir Marwan, bwana wa nyumba, alimsogelea akaanza kuteta, kisha akaniona akanyamaza.

Mkewe, Madam Lamees, akacheka. Akamwambia kwa Kiarabu, "Endelea kuzungumza. Hapa hakuna mtu."

Nikammiminia mgeni. Sir akaendelea.

Jina langu Redempta. Ni Mhaya wa Kamachumu, nina miaka arobaini na minane, na shule niliishia darasa la nne. Haya ninayoandika nimeyaandika kwa kalamu yangu, na mwanangu Anna ameninyooshea tu palipopinda. Nimekaa jikoni mwa nyumba ile miaka kumi na tano. Kiarabu nilikijua humohumo, kwa kutukanwa kwanza, kisha kwa kuagizwa vitunguu, mwishowe kwa kusikiliza. Hawakuwahi kuniuliza kama nimekijua. Nani anauliza jiko lake linajua lugha gani?

Nilipotoka nyumbani Anna alikuwa na miaka sita. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na meno mawili yaliyong'oka, nikamrudia mara tatu tu katika miaka yote hiyo, kila mara nikikuta mtoto mwingine. Amekuja Dubai akiwa na ishirini na mmoja, amepata kazi ya kuhudumia wageni hotelini, na kitanda katika fleti ya kuchangia huko Al Nahda. Miezi sita kabla ya siku ile ya kahawa, mimi na mwanangu tulianza kulala kitanda kimoja kila usiku wa kuamkia Jumapili, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Miguu yake ilikuwa mirefu kuliko yangu, na mimi sikuwepo ilipokuwa inarefuka. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuwa mama wa mtu. Mwenye kusoma ashike hilo, maana ndilo lililokwenda mahakamani. Mengine yote yalikuwa karatasi.

Sir alikuwa kwenye bodi ya kampuni moja yenye maghala ya baridi, Al Quoz. Alichomwambia mgeni ni kwamba kampuni kubwa zaidi inainunua hiyo ya maghala, wamekubaliana, watu watatangaziwa Januari. Mgeni akasema najua, mimi pia ni wa upande wa wanaonunua. Wakagonga vikombe vyao vya kahawa kama watoto. Nikaondoa makokwa ya tende, nikaenda kuosha vyombo. Nisingelikumbuka neno hata moja kama si Protas.

Protas ni kijana wa kwetu, wa Muhutwe. Kijana nasema kwa mazoea, ana miaka thelathini na tisa. Alikuwa akipakia na kushusha katika maghala hayohayo. Alipofika Dubai hakujua hata kuvuka barabara. Mimi ndiye niliyemwonyesha kanisa, na benki, na duka la Deira wanapouza unga wa muhogo. Jumapili ya juma lile la kahawa, baada ya misa, nilimkuta uwanjani pa kanisa amesimama kwenye kivuli cha ukuta, uso umemshuka.

"Dada Rede, mimi kwisha."

"Kwisha nini, na sadaka ya leo sijakuona ukitoa?"

"Usinitanie. Ghala linafungwa. Makarani wote wanatafuta kazi kwingine. Hata formeni ameacha kututukana. Formeni akiacha kutukana, ujue kampuni imekufa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia amepata mtu wa kumpeleka Iraki, kazi haijulikani, na pasi yake ya kusafiria ameshaahidi kumkabidhi kesho yake. Niliyaona macho yake. Nimewaona wengi waliokwenda kwa mtindo huo, na sijawaona wakirudi.

"Wewe tulia," nikamwambia. "Hakuna anayefunga. Kampuni yenu inanunuliwa na iliyo kubwa zaidi. Mwakani mtapewa mpaka mabasi mapya."

"Nani kasema?"

"Meza imesema."

"Meza ya sir?"

"Mimi nina meza nyingine?"

Ndiyo maneno yote. Baadaye yalisomwa mahakamani kwa lugha tatu, na katika zote tatu yalikuwa mafupi.

Jumapili iliyofuata Protas alikuja na kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa. Shemeji yake alikuwa amefika kutoka Bukoba. Nilipofungua nikapatwa na harufu ya nyumbani: senene, zimetolewa mbawa na miguu, zimekaangwa kwa chumvi na kitunguu, zikaanikwa mpaka zikawa zinalia kwenye meno.

"Nimebakiza kiganja kimoja tu," akasema. "Hizo ni zako, dada. Umeniokoa na Iraki."

Kwa asiyekuwa wa kwetu nitaeleza. Senene ni panzi wa kuliwa, na haziji kila siku. Zinashuka na mvua, watu wanatoka na taa, na mwaka mwingine hazishuki. Ukimpa mtu senene umemhesabu katika watu wako. Nilipokuwa mdogo shangazi yangu alituletea kikapu, nami nikasema, "Mbona chache?" Mama alinichapa kofi la mdomo mbele ya wageni. Akaniambia anayeidharau zawadi amemfukuza aliyeileta, na hataletewa tena na yeyote mpaka anazikwa. Kwetu zawadi hairudishwi, haiulizwi bei, wala haitiwi ila. Nilikua najua hivyo kama ninavyojua kwamba moto unaunguza.

Lile kopo nililificha chini ya kitanda changu, maana Madam angeona wadudu angeita watu wa kupuliza dawa. Nilikuwa nakula tatu tatu, niwekee Anna.

Sikujua Protas alichokuwa amekifanya katikati ya zile Jumapili mbili. Alichukua akiba yake yote akampa mwenzake wa chumbani, Tonny, Mganda mlinzi mwenye akaunti ya kununulia hisa kwenye simu, wakanunua hisa za kampuni ya maghala. Januari habari ikatangazwa. Hisa zikapanda karibu nusu ya bei. Protas akanunua simu na saa, na kwa kuwa mdomo wake haujawahi kufungwa vizuri, akawaambia watu wa jengo zima kwamba ana "mtu wake ndani."

Wanaolinda soko la hisa wana desturi moja: jambo kubwa likitangazwa, wanarudi nyuma kuangalia nani alinunua kabla. Wakakuta mpakia mizigo ambaye hajawahi kuwa na hisa hata moja maishani mwake, amenunua katika kampuni anayopakia mizigo yake. Wakamwita. Hawakuhitaji hata kumfokea.

Mimi nilifuatwa Februari, nimeshika bamia; lile kopo wakalitoa chini ya kitanda changu. Madam alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Redempta, umetufanyia nini sisi?"

Sisi! Nilikuwa nimevaa aproni, askari wa kike amenishika mkono, na aliyefanyiwa ni yeye.

Nilikaa rumande mwezi mmoja na siku mbili. Nikatolewa kwa dhamana ya pasi yangu. Madam alikuwa ameshafuta kazi yangu, akaniletea nguo kwa dereva katika mifuko miwili ya takataka. Miaka kumi na tano iliingia katika mifuko miwili, na mmoja haukujaa. Nikahamia kwenye kitanda cha Anna, wenzake wa chumbani wakanivumilia.

Wakili nilipewa na mahakama, binti anaitwa Muna. Nitasema kweli, alikuwa mtu mwema. Alininunulia chai, akanieleza kesi yangu kwa Kiarabu cha polepole. Alisema sheria yenyewe ni ya shirikisho, yaani ya falme zote saba, na imeandikwa kwa watu wa ofisini. Sasa imemfikia mpishi, na kazi ya jaji ni kuamua maneno yake yanamhusu mpishi kwa kiasi gani.

"Watauliza mambo matatu, Mama Redempta. La kwanza, je, wewe ni mtu wa ndani? La pili, je, ulijua kwamba ni siri? La tatu, je, ulifaidika?"

"Mtu wa ndani wapi? Mimi nilikuwa jikoni."

"Ndivyo nitakavyosema," akajibu, na alisema hivyo, na vizuri. Alisimama akasema mtu wa ndani ni mkurugenzi, ni mhasibu, ni mwanasheria wa kampuni, mtu ambaye habari imemfikia kwa sababu ya kazi yake.

Mwendesha mashtaka akainuka taratibu. Alikuwa mwembamba, ana sauti ya upole. Akasema anakubaliana kabisa na mwenzake: kwa sababu ya kazi yake. Kazi ya mshtakiwa ni kumimina kahawa. Alikuwa anamimina kahawa. Kwa kazi hiyo akasikia. Sheria haikusema kazi ya kiti gani.

Nilimwona jaji anaandika.

La pili nalo nilishindwa, kwa sababu niliulizwa kama Sir alinyamaza aliponiona, nikasema ndiyo. Basi kunyamaza kwake kulinijulisha kwamba ni siri. Ni kweli alinyamaza.

Sir mwenyewe? Alikwisha kuja kabla yangu. Kwake sheria ilisomwa hivi: kosa ni kumtolea habari mtu asiyestahili. Yeye alimwambia mgeni, na mgeni alikuwa anajua tayari. Hakumtolea mtu mwingine, kwani Madam alithibitisha kwamba chumbani hapakuwa na mtu. Akalipa faini ya uzembe, akajiuzulu bodi, akarudi kwenye nyumba yake yenye vyumba tisa. Mimi sijasoma, lakini nimejaribu kulielewa hili usiku na mchana. Kilichotoka kinywani mwake hakikutolewa, ila kilipoingia sikioni mwangu kilikuwa kimepokelewa. Mezani sikuwa mtu. Mahakamani nikawa mtu, tena wa ndani.

Likabaki la tatu. Muna alisema hapo ndipo tutakapopona. Jaji huyu, alisema, anaamini anayepitisha habari bila kupata chochote ni mropokaji tu, si mhalifu. Kama sikufaidika, nitaachiwa. Anna atabaki na mama yake.

"Nao wanasema ulilipwa lile kopo," Muna akasema. Tulikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kesi, Anna kati yetu. "Protas ameandikisha kwamba ni malipo ya habari."

"Protas? Kasema malipo?"

"Ameahidiwa nafuu akisaidia."

Nilikuwa namwona uwanjani pale, analifungua fundo la kitambaa kwa meno.

"Sikiliza," Muna akasema. "Ni rahisi. Wakikuuliza, sema vile vidudu havina thamani. Sema ni vitu vya bure, uliviweka tu, ungevitupa. Khalas, kesi imekwisha."

"Siwezi kusema hivyo."

"Mama," Anna akasema.

"Ni zawadi."

"Mama, ni neno moja tu."

Nikamtazama mwanangu, sare yake ya hoteli imepigwa pasi, ameomba ruhusa ya saa tatu. Nikasema sawa. Nitasema.

Niliingia na nia hiyo. Naapa mbele ya Mungu niliingia nayo.

Mahakama humpa mgeni mkalimani hata kama anajua Kiarabu; wangu alikuwa mzee wa asili ya Unguja, amezaliwa hukuhuku, Kiswahili chake kisafi kama shuka la mgonjwa. Protas alikaa mbele, upande wa mashahidi, hakuinua kichwa. Mwendesha mashtaka akalileta kopo lina namba ya karatasi, akalifungua mezani kwa jaji. Karani akajivuta nyuma. Mtu alicheka kule nyuma, akaambiwa anyamaze. Miezi mingi ilikuwa imepita, lakini ile harufu ilinifikia, kidogo, imechoka, lakini ni yenyewe.

Jaji akauliza jambo. Mkalimani akanigeukia. "Bi mkubwa, jaji anauliza hivi ni nini."

"Ni senene."

Yakatafutwa maneno. Panzi, mkalimani akasema. Jaji akamtazama mwendesha mashtaka, nami nikaona mdomo wake unataka kutabasamu. Muna pia aliona. Akanipigia jicho: sasa.

"Anauliza, kitu hiki kina thamani gani kwako?"

Nilifungua mdomo. Nikamwona Protas ameinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kupigwa. Na si kwamba nilimhurumia, nisisingiziwe wema. Lakini lilipofika neno "bure" kwenye ulimi, lilikataa. Niliona shemeji yake anazibeba kutoka Bukoba mapajani. Niliona wanawake wananyonyoa mbawa moja moja. Nikausikia mkono wa mama mdomoni.

"Mheshimiwa," nikasema, "mtu akikuletea senene huku Dubai, amekuletea kitu kikubwa. Hakina bei."

Mkalimani hakufasiri. Alinisogelea. "Bi mkubwa, nifasiri hivyo hivyo?"

Aliniuliza kwa huruma, na hakuruhusiwa kuniuliza. Ule ulikuwa mlango wa pili Mungu alionifungulia siku ile ile; wa kwanza ulikuwa swali la jaji.

"Fasiri hivyo hivyo."

Akafasiri. Muna akafumba macho. Tabasamu la jaji likaondoka, akainamia karatasi yake. Katika hukumu iliandikwa kwamba mshtakiwa amekiri mwenyewe kupokea kitu cha thamani kubwa kwake, na kwamba faida katika sheria si lazima iwe fedha. Kifungo cha mwezi mmoja, ambacho nimeshakikaa. Kisha kufukuzwa nchini, nisirudi. Rufaa ilisikilizwa Oktoba. Majaji watatu walilisoma lile neno faida kwa kurasa sita, na wote wakalikuta mahali palepale. Nimepewa siku kumi na nne.

Anna hakusema nami siku mbili. Ya tatu alirudi kazini, akatupa viatu, akasimama kando ya kitanda changu, yaani kitanda chake.

"Uliniacha kwa sababu ya kazi, nikakubali. Sasa unaniacha kwa sababu ya panzi?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mkataba wake una mwaka na miezi minne bado, hawezi kuuvunja bila kulipa. Atatuma fedha nyumbani, nitapokea mimi. Tumebadilishana viti tu. Hayo yote nilikuwa nayo, lakini alilouliza halikuwa hilo. Mchana huwa najiambia nilisema kweli. Jioni, nikisikia anapanda ngazi, najua ningeweza kusema uongo mdogo wa neno moja na nikabaki.

Jana, Jumapili yangu ya mwisho, kengele ya mlango ililia. Anna akafungua, akaniita kwa sauti ambayo si yake.

Alikuwa Protas. Faida yake ilichukuliwa na serikali, lakini kazi hakupoteza. Wamiliki wapya wamewaletea mabasi mapya, ana jaketi lenye nembo mpya. Mikononi alikuwa na kopo limefungwa kitambaa.

"Dada Rede." Akapiga goti pale pale koridoni, mtu mzima, watu wanapita na mifuko ya sokoni. "Walinitisha. Waliniuliza, hili kopo la nini? Nikasema ulinisaidia nikakushukuru. Wakasema basi ni malipo. Nikasema haya, ni malipo. Sikujua litakuwa zito hivyo."

"Simama, unaziba njia."

Akasimama. "Zimeshuka tena mwaka huu. Nimekuletea uondoke nazo."

"Nizibebe mpaka Bukoba? Kule zimeisha?"

"Basi za Anna."

Akazinyoosha kwa mikono miwili. Zawadi hairudishwi. Hasira iliyokuwa imelala tangu siku ya benchi ikaamka ikiwa imeshiba.

"Ni bei gani?"

"Dada?"

"Nimekuuliza bei. Kopo moja unauza ngapi?"

Nilimwona anaelewa. Mhaya yeyote angeelewa. "Dada, usinifanyie hivyo. Nipige. Niite jina lolote."

"Anna, niletee pochi yangu."

Nilitoa dirhamu hamsini nikamtia kiganjani, nikamfunga vidole mimi mwenyewe, kimoja kimoja. Nikachukua kopo. Kisha nikararua karatasi kwenye daftari hili ninaloandikia, nikampa na kalamu.

"Andika. Nimepokea hamsini kwa Redempta, kopo moja la senene. Weka sahihi na tarehe. Isije ikasemwa tena kwamba tulipeana kitu."

Aliandika ameitegemeza karatasi kwenye ukuta. Mwandiko wake ulipanda na kushuka. Alipomaliza akaenda kwenye lifti na hamsini yangu imekunjwa ngumini.

Anna aliniuliza kama tunazila. Nikamwambia hizi unaweza kula, ni za dukani. Akala mbili akasema zimezidi chumvi. Sikumchapa. Risiti nimeiweka ndani ya pasi yangu, pale pale watakapopiga muhuri.